Idi, Noeli na Bonane katika Nyumba za Kasongo

Desemba ya 1870 ilikuta Kabambare imejaa wageni. Wafanyabiashara wa pwani na watu wao walikuwa wameifunga Ramadhani huko huko, mvua ikiwanyeshea, pembe za ndovu zikiwa zimerundikwa ndani ya nyumba. Mwezi wa Mfungo Mosi 1287 wa Hijria ukaandama Noeli ikiwa mlangoni. Katika mji huo alikuwamo pia David Livingstone, Mskochi, ambaye vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza tangu Julai hadi Oktoba. Wapagazi wake wengi walikuwa wamekwisha kumwacha. Waliobaki naye walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Katika daftari lake aliandika kwamba Ramadhani imekwisha, na kwamba watu watakula sikukuu siku tatu ndipo waanze safari. Siku ya mwaka mpya 1871 aliandika sala fupi, akimwomba Mungu amsaidie kuimaliza kazi yake. Mkewe Mary alikuwa amezikwa kando ya Zambezi tangu 1862, mwanawe Robert alikuwa amekufa katika vita vya Marekani, na watoto waliobaki walikuwa Uingereza bila kujua kama baba yao yu hai.

Wenye mji nao walikuwa na msiba wao. Mtawala mzee, ambaye Livingstone anamwita Moenekuss, alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya mgeni huyo kufika mwaka 1869, na wanawe wawili walikuwa wakijaribu kushika mahali pa baba yao katika nchi ambayo kila mwezi ilipokea bunduki mpya kutoka mashariki.

Katika majuma hayo hayo Livingstone aliandika juu ya ugonjwa ambao ulimshangaza kuliko yote aliyoyaona katika safari zake. Uliwapata watu waliozaliwa huru, kisha wakakamatwa na kutiwa minyororo. Miili yao ilikuwa mizima. Waliivumilia minyororo mpaka walipovushwa Lualaba, wakauona mto mpana umelala kati yao na kwao. Hapo roho ziliwakatika. Wengi walikufa siku tatu tu baada ya kuvuka, wakiweka mkono kifuani kuonyesha panapouma. Watoto walistahimili zaidi, wakatembea siku nyingi na wakubwa. Lakini msafara ulipopita karibu na kijiji chenye ngoma, na mlio wa vigoma vidogo ukawafikia, walikumbuka nyumbani, wakalia kwa kwikwi, na baadaye wakafa kama wakubwa wao.

Sijui namna ya kuandika habari za jamaa, nyumba na kugeuka kwa mwaka kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, bila kuanzia kwa watoto hao. Sikukuu ilikuwa ikiliwa Kabambare, na njiani wengine walikuwa wanakufa kwa sababu ya kusikia sikukuu ya watu wasiowajua. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika nchi moja na katika mwezi mmoja, na sisi ni wajukuu wa pande zote mbili. Hakuna mtu wa Kasongo, Wamaza au Kabambare anayeweza kusema kwa yakini kwamba damu yake imetoka upande mmoja tu.

Miaka sita baadaye sikukuu zilikutana tena, safari hii kaskazini zaidi, mahali kando ya mto ambapo msafiri Stanley anapaita Vinya-Njara. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa amekubali kwa malipo kumsindikiza Stanley kushuka Lualaba. Msitu, magonjwa na mapigano vilimchosha, akaamua kurudi. Siku ya Noeli 1876 mitumbwi ilipewa majina na kushindanishwa mtoni, na Tippu Tip mwenyewe alishindana mbio na Frank Pocock, Mwingereza kijana aliyekuwa na Stanley, akamshinda. Kesho yake Tippu Tip aliwaandalia watu wa msafara karamu ya wali na kondoo wa kuchoma. Katika kitabu cha Stanley karamu hiyo inaonekana kama ya kuagana tu. Lakini ukihesabu tarehe za Kiislamu, unakuta siku hizo ndizo siku za Idi ya Kuchinja ya mwaka 1293. Watu wawili walikaa kwenye sinia moja, kila mmoja na kalenda yake.

Desemba 28 wakaachana. Stanley na watu wake, wengi wao Waungwana wa Zanzibar, waliingia mitumbwini na kushuka, na mwaka mpya 1877 uliwapata mtoni, katikati ya kingo wasizozijua. Tippu Tip alirudi juu, na mwisho wa njia yake ulikuwa Kasongo, mji aliokuwa ameufanya kwake tangu kama 1875. Aliwakuta huko jamaa zake, akina Muhammed bin Said, ambaye watu walimwita Bwana Nzige.

Namna Tippu Tip alivyojipatia jamaa katika nchi hii aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili. Alipofika Utetela alimkuta mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada yake alikuwa ametekwa miaka mingi nyuma katika vita na Warua, akauzwa, asionekane tena. Tippu Tip alidai kwamba dada huyo alifikishwa pwani, akaolewa na babu yake Habib bin Bushir, na kwamba yeye ni mjukuu aliyerudi. Mzee alimkubali, akamkabidhi utawala. Wanahistoria huitaja hadithi hiyo kama hila ya mfanyabiashara mwerevu, nami sina la kuwapinga. Ila mimi humwangalia mzee. Alikuwa amekaa miaka na miaka na pengo la dada yake, na siku moja mgeni akamjia na kumwambia, yule uliyempoteza alizaa, na mimi ndiye. Nani angeweza kukataa habari ya namna hiyo? Tippu Tip, ambaye misafara yake ilikuwa ikizipokonya nyumba nyingi dada zao, alijua vizuri ni wapi moyo wa mtu aliyepokonywa ulipo wazi.

Kasongo iliyokua chini yake ilikuwa mji wa mashamba. Mpunga ulioletwa na watu wa pwani ulipata udongo uliouridhia, na mpaka leo mchele ni chakula cha heshima Maniema nzima. Miembe, michungwa, mipera na mikomamanga ilipandwa. Wenye nyumba hizo za udongo zenye baraza walikuwa wachache. Waliozijaza ni wanawake na vijana walioletwa kutoka kwa Wazimba, Wabangubangu, Wasongye, Watetela na wengine. Walikutanishwa bila kutaka, na lugha waliyoweza kusemezana ilikuwa Kiswahili. Wanawake walizaa. Watoto waliozaliwa waliitwa Ramazani, Shabani, Amisi, Salumu, Fatuma, Zaina. Waliitwa pia kwa majina ya babu ambao mama zao waliwakumbuka kutoka vijiji walivyotolewa. Kizazi kimoja kikapita, na watoto hao hawakuwa na kwao pengine. Kasongo ndiyo ilikuwa kwao.

Mwaka 1892 vita viliingia. Tippu Tip, ambaye tangu 1887 alikuwa amepewa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru la Kongo, cheo cha uliwali wa Stanley Falls, alikuwa amekwisha rudi Zanzibar, na mji ulikuwa mikononi mwa mwanawe Sefu. Ngongo Lutete, mkuu wa vita aliyekulia katika utumwa na kupanda daraja chini ya Tippu Tip, aligeuka akajiunga na jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya Francis Dhanis. Nyangwe ilianguka Machi 4, 1893. Majuma mawili baadaye mwezi wa Ramadhani 1310 uliandama, na watu wa Kasongo waliufunga wote huku wakijua kwamba jeshi liko Nyangwe, mwendo wa siku chache tu.

Idi waliipata katikati ya Aprili. Aprili 22 Kasongo ikatwaliwa.

Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi hilo, Sidney Langford Hinde, aliandika walichokikuta: maghala yamejaa mchele na mahindi, sukari, mishumaa, vyombo vya fedha na vya kioo, magodoro ya hariri ambayo askari wa chini kabisa alilalia usiku ule, na bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na ndizi. Wasomaji wa Ulaya waliisoma orodha hiyo kama habari za anasa za Waarabu. Mimi naona nyumba ambazo Idi ilikuwa haijamaliza juma moja tangu ipite. Na naona jambo jingine ambalo Hinde hakulijali sana: walioikimbia Kasongo siku ile kwa sehemu kubwa walikuwa watu ambao wao au mama zao walishakimbizwa mara moja kabla. Wengi wao walifukuzwa makwao kwa mara ya pili katika umri mmoja.

Ngongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, alipigwa risasi nao huko Ngandu Septemba 15 ya mwaka ule ule. Sefu aliuawa vitani Oktoba. Mwaka mpya 1894 ulimkuta Rumaliza, Muhammad bin Khalfan, bado anapigana upande wa mashariki. Boma lake liliteketea Januari 14, na Januari 25 Kabambare ikaingia mikononi mwa jeshi la Dola. Habari zilimfikia Tippu Tip Zanzibar: mji umekwenda, na mwana amekwenda. Alikufa huko mwaka 1905, na nyumba yake ipo hadi leo Mji Mkongwe. Ninapoisoma habari yake namhurumia kwa mwanawe, kama ninavyomhurumia baba yeyote, na papo hapo nakumbuka baba wangapi wa Maniema hawakupata hata habari.

Mji wa zamani uliachwa. Mahame yake, panapoitwa Tongoni, yamechimbwa na wataalamu wa akiolojia wakiongozwa na Noemie Arazi, na wenyeji wameulizwa wanayoyakumbuka. Mji wa sasa uko mbali kidogo na hapo. Mapadri Weupe walikuja na misheni, na katika ukoo mmoja wengine wakabatizwa, wengine wakabaki na chuo cha Kurani. Chini ya Wabelgiji misheni ilipewa shule, chuo kikaachwa kijitegemee, na mzazi aliyetaka mwanawe apate kazi ya karani alijua njia inapopita. Basi nyumba nyingi zikagawanyika dini bila kugawanyika chungu.

Reli nayo ilifika mwaka unageuka. Sehemu ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355 upande wa magharibi wa mto, ilifunguliwa Desemba 31, 1910. Wanaume waliitengeneza kwa mikono, na ilipokwisha ikawa mlango wa kuwatolea vijana wao: wakaenda Kindu, Kisangani, na migodi ya Katanga. Wengine walikuwa wametangulia kwenda mashariki kwa njia ya misafara ya zamani, wakafanya mitaa ya Wamanyema huko Ujiji, Kigoma na Tabora, na Buyenzi ya Bujumbura. Kariakoo, Dar es Salaam, ukiuliza Msikiti wa Manyema utaonyeshwa. Tangu hapo mwisho wa mwaka Kasongo ukawa majira ya kungoja: nani atashuka kwenye treni, nani ametuma kitambaa, nani amenyamaza mwaka wa tatu sasa.

Kuna mwaka mpya mmoja ambao wazee wa kusini mwa Maniema hawapendi kuuzungumza, hasa wenye jamaa Kongolo. Januari 1, 1962, katika mji huo ulio mpakani kwetu na Katanga, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu uhuru, na Lumumba alikuwa ameuawa Januari iliyotangulia. Kisha 1964 waasi walioitwa Wasimba wakaja. Kindu iliwaangukia Julai, na kutoka Kasongo hadi milima ya Fizi watu walijifunza kuishi msituni, kupika usiku ili moshi usionekane, na kuhesabu watoto kila asubuhi. Upande wa Fizi na Kabambare uasi uliendelea hadi ndani ya 1965. Watu wenye umri wa miaka sabini leo walikuwa watoto msituni wakati ule. Ukiwasikiliza utagundua kwamba hawazitaji tarehe. Husema, mwaka tuliokula mizizi, au, mwaka aliozaliwa fulani kule porini.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka 32 au 33 huzunguka ikafika tena palepale. Ndiyo sababu Idi ya baada ya Ramadhani, iliyokutana na Noeli Kabambare mwaka 1870, ilirudi karibu na Noeli mwaka 1903, 1935 na 1968, na ikarudi tena Desemba 27, 2000. Mwaka 1968 bunduki zilikuwa zimenyamaza, na watu waliokwisha kutoka msituni walipika. Mwaka 2000 haukuwa hivyo. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vimeukata mkoa. Kindu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD tangu Oktoba 1998, Kasongo ilikuwa chini yao, na vijiji vya pembeni vilikuwa vya wanamgambo wa Mai-Mai. Chumvi na sabuni vilikuwa mali. Noeli ilifika Jumatatu, Idi ikafika Jumatano, mwaka mpya ukafika Jumatatu iliyofuata, sikukuu tatu ndani ya siku nane, na katika nyumba nyingi hakukuwa na cha kutia chunguni ila sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Haikupita hata mwezi, Januari 16, 2001, Rais Laurent-Désiré Kabila akapigwa risasi Kinshasa.

Nimeshasikia watu wakisema kwamba mwaka ule hawakusherehekea chochote. Lakini ukiwaacha waendelee, wanakumbuka ni nani alikuja kuwasalimu. Waislamu walikwenda kwa Wakristo Jumatatu, Wakristo wakaja kwa Waislamu Jumatano, mikono mitupu, wakakaa, wakaulizana habari za waliopotea. Salamu peke yake ilikuwa ndiyo sikukuu.

Siku hizi neno la majira hayo ni bonane, salamu ya mwaka mpya kutoka Kifaransa. Watoto huvaa nguo mpya kama zimepatikana, hupita nyumba kwa nyumba, husema bonane na kungoja chochote, pipi, mandazi au noti ndogo. Mvua ni nyingi, mpunga uko shambani, na barabara ya kutoka Kasongo kwenda Wamaza na Kabambare ni matope ambayo waendesha pikipiki na wasukuma baiskeli ndio wanaoyaweza. Kuku anachinjwa, wali unapikwa, na kabla ya kula mzee wa nyumba hutaja majina. Huanza na marehemu wa mwaka unaokwisha. Kisha huwataja walio mbali: aliye Lubumbashi, aliye Bukavu, aliyekwenda kuchimba dhahabu Salamabila na hajapiga simu. Kijana wa mjini anaweza kuona sehemu hiyo ni ndefu na wali unapoa. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe ya siku hiyo. Nchi ambayo imepokonywa watu mara nyingi hivi haina budi kuwahesabu watu wake kwa sauti angalau mara moja kwa mwaka.

Majina yenyewe hueleza habari nzima. Desemba 30, 2018, siku moja kabla ya kufunga mwaka, Wakongo walipiga kura kumchagua rais, na mmoja wa wagombea wakubwa alikuwa mzaliwa wa Kasongo, Emmanuel Ramazani Shadary. Hakushinda, na siasa zake si hoja yangu hapa. Ila Emmanuel na Ramazani ndani ya jina moja ni jambo ambalo mtu wa Kasongo halioni hata kuwa geni. Kwetu kuna mapadri ambao babu zao walikuwa maimamu, na mashangazi wanaokwenda Misa asubuhi na kumsaidia dada yao kupika futari jioni.

Dhahabu inayowavuta vijana, ile ya Namoya karibu na Salamabila, katika eneo la Kabambare, imechimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, na kampuni ya Banro ilianza kuzalisha kibiashara huko Januari 2016. Haikuleta utulivu. Makundi ya Mai-Mai, likiwamo linaloitwa Malaika, yamepigana na jeshi kuzunguka Salamabila, na familia zimefunga vitu vyao na kuhama tena na tena. Mwenye nyumba Wamaza hujikuta ana watu zaidi ya ishirini ndani ya vyumba vitatu, wajomba, wakwe, watoto wa jirani wa zamani, na mtu ambaye hakumbuki vizuri anahusiana naye kwa wapi. Humpokea hata hivyo, humtafutia mkeka, na siku ya kutaja majina humtaja pamoja na wengine.

Idi ya Mfungo Mosi itakutana tena na mwaka mpya katika mwaka 2033, na itafika mara mbili: siku za mwanzo za Januari, na tena kabla ya Noeli ya mwaka huo huo. Watoto wanaoomba bonane sasa watakuwa na watoto wao. Ninachowatakia si kikubwa: mtu wao aliye Lubumbashi apande gari, apite Kongolo, avuke mito, afike Kasongo na kuendelea hadi Wamaza kwa barabara inayopitika, bila kumlipa mtu mwenye bunduki njiani, na akute wali bado ni moto.